Mali, Mizizi na Dirhamu: Uchambuzi wa Lugha ya Aljebra

Lawama inayosemwa mara kwa mara juu ya lugha yetu ni kwamba haina maneno ya hisabati. Lawama hiyo imekwisha nguvu. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, na mtoto aliyezimaliza shule hizo anajua mlinganyo, mabano, kipeo na kipeuo, kigawo na kigawe, namba tasa, namba shufwa na namba witiri. Maneno anayo. Asichokuwa nacho ni sentensi. Hajapata kusoma, na aghalabu mwalimu wake pia hajapata kusoma, hata ukurasa mmoja wa Kiswahili ambamo hoja ya hisabati inaanzishwa, inaendelezwa na kufikishwa mwisho kwa maneno yaliyofungamana. Amezoea amri fupi fupi: jumlisha, toa, tafuta, rahisisha. Amri si hoja.

Upungufu huu waonekana wazi zaidi katika milinganyo ya kipeo cha pili. Somo hili huja katika shule ya sekondari, na mlangoni pa shule hiyo Kiswahili huambiwa kisubiri nje. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza kwamba masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985; pendekezo hilo halikutekelezwa, na hadi leo hisabati ya sekondari nchini humo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza. Basi mtoto amefundishwa kipeo na kipeuo kwa lugha moja, kisha jambo ambalo vitu hivyo viwili vilitengenezwa kwa ajili yake hulipata kwa lugha nyingine. Ni kama mtu aliyepewa makasia nyumbani, na mashua akaionea ugenini.

Sikusudii kuongeza orodha nyingine ya istilahi. Nataka kukichambua kitabu kimoja cha zamani ambacho hakina alama hata moja ya hisabati. Chote kimeandikwa kwa sentensi, na hata namba zake zimeandikwa kwa maneno. Nataka kuitazama lugha yake, uzuri wake na makosa yake, kisha niulize Kiswahili kingefanya nini mahali pake. Kitabu chenyewe ni kile cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi juu ya hesabu ya jabr na mukabala, kilichoandikwa kwa Kiarabu mjini Baghdadi wakati wa Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala toka mwaka 813 mpaka mwaka 833. Robert wa Chester alikitia katika Kilatini mwaka 1145, na Frederic Rosen alichapisha tafsiri yake ya Kiingereza mjini London mwaka 1831. Neno aljebra limetoka katika jina la kitabu hiki.

Mwandishi asema katika dibaji kwamba aliwaandikia watu wenye haja: wagawao mirathi, watoao wasia, wafanyao biashara, wapimao ardhi na wachimbao mifereji. Si maneno ya kujipamba tu. Sehemu iliyo ndefu kuliko zote katika kitabu ni ile ya wasia na mirathi, na mtu wa pwani yetu aliyepata kukaa mbele ya kadhi hatashangaa kuona hesabu inaanzia hapo. Kwa sababu hiyo lugha yake ni lugha ya fedha na urithi. Namba isiyojulikana ambayo tutaizidisha kwa nafsi yake aiita mzizi. Kinachopatikana baada ya kuizidisha akiita mali. Namba tupu, iliyojulikana, aihesabu kwa dirhamu. Mlinganyo ambao leo twauandika x² + 10x = 39 yeye auweka hivi: mali moja na mizizi yake kumi ikilingana na dirhamu thelathini na tisa, mali hiyo ni kiasi gani?

Msomaji wa Kiswahili na asimame hapa kidogo. Mwingereza au Mfaransa alipokitafsiri kitabu hiki alilazimika kutafuta maneno. Sisi maneno hayo tunayo nyumbani. Mali ni mali. Dirhamu ni dirhamu. Hesabu ni ile ile hisabu. Hata mukabala tunao: husemwa nyumba fulani iko mkabala na msikiti, na watu wawili hukabiliana. Kitenzi anachokitumia mwandishi kwa kulingana kimetoka katika asili moja na neno letu adili, ila kwetu neno hilo limeacha mizani likaenda kukaa katika tabia ya mtu. Neno moja tu limebadilika njiani kiasi cha kutupotea, nalo ni jabr lenyewe. Twalijua katika jabari, mwenye nguvu zisizoshindika. Lakini Mwarabu alilitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika, na Wahispania nao walipata kumwita muunga mifupa algebrista.

Maana hiyo ya kuunga ndiyo inayotakiwa, na namna ya kuipata kwa Kiswahili imenifurahisha kuliko jambo lolote nililolikuta katika kazi hii. Tulitazame swali moja la kitabu. Kumi imegawanywa mafungu mawili. Kila fungu limezidishwa kwa nafsi yake. Majibu mawili yamejumlishwa yakawa hamsini na nane. Mafungu ni yapi? Mwandishi aliita fungu moja kitu. La pili basi ni kumi bila kitu hicho. Sisi tungesema nini? Tungesema kumi kasoro kitu, kama tusemavyo saa kumi kasorobo. Hakuna mtoto wa Kiswahili atakayehitaji kuelezwa.

Sasa tuzidishe. Kitu kikizidishwa kwa nafsi yake ni mali moja. Kumi kasoro kitu ikizidishwa kwa nafsi yake ni mia moja na mali moja, kasoro vitu ishirini. Jumla ni mia moja na mali mbili, kasoro vitu ishirini, nayo yalingana na hamsini na nane. Upande mmoja una kasoro. Jabr ni kuiondoa kasoro hiyo: vitu ishirini vilivyopungua hapa virudishwe mahali pake, na kwa haki viongezwe na upande wa pili. Twapata mia moja na mali mbili kulingana na hamsini na nane na vitu ishirini. Katika Kiswahili kasoro ni upungufu wa hesabu, na kasoro ni ila ya kitu kilichoharibika. Neno moja labeba mzigo wote wa jabr, kupungua na kuvunjika pamoja. Tafsiri ya jabr, kwa hiyo, ni kuondoa kasoro, na sioni haja ya kwenda kukopa nyingine.

Vyote viwe nusu: hamsini na mali moja ni sawa na ishirini na tisa na vitu kumi. Hapa ndipo mukabala inapoingia. Hamsini iko upande huu, ishirini na tisa iko upande ule, nazo ni za jinsi moja. Zikikabilishwa, iliyo ndogo huondoka pamoja na kiasi chake katika iliyo kubwa, na ishirini na moja yabaki. Ishirini na moja na mali moja ni sawa na vitu kumi. Mwalimu wa siku hizi husema kwamba namba inahamishwa na ikivuka alama ya usawa hubadilika kutoka chanya kuwa hasi. Wanafunzi wengi nimewasikia wakilikariri neno hilo kama dua, wasijue kwa nini kuvuka mstari kunaibadili namba. Mukabala haivushi kitu. Vitu vya jinsi moja vimetazamana, vikapunguzwa sawasawa. Kati ya semi hizi mbili ile ya zamani ndiyo yenye kweli.

Kitabu chaeleza aina sita za milinganyo, na tatu za mwisho ndizo zenye kazi: mali na mizizi kulingana na dirhamu, mali na dirhamu kulingana na mizizi, mizizi na dirhamu kulingana na mali. Mgawanyo huu leo waonekana mzito bure, maana sisi twaandika mlinganyo mmoja tu na kuacha namba ziwe chanya au hasi zitakavyo. Al-Khwarizmi hakukubali jibu lililo chini ya sifuri wala sifuri yenyewe, kwa hiyo kila mpangilio wa pande mbili ulimlazimu kuupa mlango wake. Kosa hilo ni la zama zake, na sina haja ya kulikalia.

Kosa la lugha lipo mahali pengine, na hilo latuhusu zaidi. Katika kueleza namna ya kutatua mali moja na mizizi kumi kulingana na thelathini na tisa, mwandishi aagiza tugawe mizizi nusu, na kwamba hapa nusu hiyo ni tano. Kisha tano izidishwe kwa nafsi yake, iwe ishirini na tano. Iongezwe juu ya thelathini na tisa, jumla sitini na nne. Tutafute mzizi wa jumla hiyo, ni nane. Tuitoe ile tano, tubaki na tatu. Mzizi ni tatu na mali ni tisa. Hesabu ni sahihi: tisa na thelathini ni thelathini na tisa. Lakini nusu ya mizizi kumi ni nini? Mkulima akiwa na mizizi kumi ya muhogo, nusu yake ni mizizi mitano. Wala haiwezekani mizizi mitano ikizidishwa kwa nafsi yake ikatoa dirhamu ishirini na tano. Ingetoa mali ishirini na tano, na hesabu yote ingeharibika. Kilichogawanywa nusu si mizizi, ni idadi ya mizizi. Rosen alilihisi jambo hili, akaitia idadi katika tafsiri yake.

Mwandishi wa Kiswahili hawezi kulipita jambo hili bila kuliona, kwa sababu sarufi haimruhusu. Akifika kwenye nusu, hana budi kuchagua: aseme mitano, au aseme tano. Mitano ni mizizi mitano, kitu kisichojulikana mara tano. Tano ni namba tupu. Kiambishi kidogo cha sauti moja kimetenganisha kitu ambacho wanafunzi wa dunia nzima hukichanganya, yaani namba iliyo mbele ya x na hiyo namba pamoja na x yake. Atakayesema mitano amepotea, na atakayesema tano amelazimika kujua kwa nini. Walio tayari kusema kwamba upatanisho wa ngeli ni mzigo tu wa lugha za Kibantu wangefaa waone unavyofanya kazi mahali hapa.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Ushahidi huo wa kiambishi tunaupata kwa moja mpaka tano, na kwa nane. Tukiwa na mizizi kumi na miwili, nusu yake ni mizizi sita, na namba tupu nayo ni sita, lugha imenyamaza. Sita, saba, tisa na kumi hazichukui kiambishi. Tena mali na dirhamu ni za ngeli ambayo kiambishi chake cha namba hakisikiki, hivi kwamba mali tano, dirhamu tano na tano tupu husemwa namna moja. Kwa dirhamu si hasara, kwani katika kitabu hiki dirhamu ni namba tupu iliyovaa nguo. Kwa mali ni hatari. Basi anayeandika Kiswahili cha aljebra na asitegemee bahati ya namba. Aseme idadi ya mizizi kila mara, hata pale kiambishi kinapotosha.

Jambo hili limenifanya nifikiri zaidi juu ya ngeli. Hebu tutazame aya kama hii, ambayo mtu asiyejihadhari angeweza kuiandika: Chukua namba iliyozidisha ile isiyojulikana, igawe kwa mbili, izidishe kwa yenyewe, iongeze kwenye ile ya upande wa pili, itafutie kipeuo chake, kisha itoe. Kila neno la aya hii ni Kiswahili safi, na aya nzima haina maana. Ipi iongezwe? Ipi itolewe? Namba, thamani, jumla, nusu, tofauti, robo: maneno haya yote ni ya ngeli moja, na i- ile ile yayarejea yote. Katika maandishi ya alama kazi ya kutenganisha hufanywa na mabano. Katika maandishi ya maneno, lugha yetu imejaliwa mabano ya namna yake, nayo ni ngeli. Ila mwandishi hana budi kuchagua majina yaliyo katika ngeli mbalimbali ili mabano hayo yafanye kazi. Mzizi na mraba ni za ngeli moja, kipeo ni cha nyingine, jumla ya nyingine, eneo la nyingine. Tuiandike aya ile upya: Idadi ya mizizi igawe nusu, upate tano. Juu ya tano jenga mraba. Eneo lake ni ishirini na tano. Eneo hilo liongeze juu ya thelathini na tisa. Jumla ni sitini na nne. Kipeuo cha jumla hiyo ni nane. Kutoka katika kipeuo hicho ondoa ile tano ya kwanza. Kilichobaki, tatu, ndicho kiasi cha mzizi. Aya hii yaweza kusomwa kwa sauti kwa mtu aliyefumba macho, naye akaifuata.

Katika aya hiyo nimeingiza neno mraba, na sikuliingiza kwa pambo. Al-Khwarizmi hakuridhika kutoa amri. Baada yake alichora umbo ili kuonyesha kwa nini amri hiyo ni kweli, na kurasa hizo ndizo bora za kitabu. Tuseme kuna mraba ambao upande wake ni mzizi usiojulikana. Eneo lake ndilo mali. Ubandike mstatili mmoja kuumeni na mwingine chini, kila mmoja wenye urefu sawa na upande wa mraba na upana wa tano. Kila mstatili una eneo la mizizi mitano, na yote miwili ina mizizi kumi. Mraba na mistatili yake, tumekwisha kuambiwa, ni thelathini na tisa. Sasa umbo hilo ni mraba mkubwa uliomegwa pembeni. Pengo lililobaki lina upana wa tano na urefu wa tano. Lijaze: ishirini na tano. Mraba umekamilika, eneo lake ni sitini na nne, na upande wake ni nane. Katika nane hiyo tano ni upana wa mstatili. Kilichobaki ni upande wa mraba wa kwanza.

Katika umbo hili ile tano yaonekana kwa macho kuwa ni upana, wala si mizizi. Mizizi mitano ni eneo la mstatili mzima. Tofauti ambayo kiambishi chetu kiliitaja, mchoro unaithibitisha. Na kazi yenyewe ni ya kale kuliko Baghdadi: katika nchi ile ile ya mito miwili waandishi wa Babeli, yapata miaka 1800 kabla ya Kristo, walichonga katika udongo maswali ya eneo la mraba kujumlishwa na upande wake, na njia yao ya kujibu ilikuwa hiyo hiyo ya nusu na kukamilisha.

Sasa tuyaangalie majina tunayoyatumia sisi. Kipeo cha pili na kipeuo cha pili ni majina yaliyoundwa kwa akili. Kupea ni kufikia ukomo wa kukua, na toka hapo twapata kipeo. Tukitia kauli ya kutendua, kama funga iwavyo fungua, na ziba iwavyo zibua, na kunja iwavyo kunjua, twapata umbo la peua, na toka hapo kipeuo. Kwa muundo wake, basi, jina la pili ladai kukitendua kilichotendwa na la kwanza, na hivyo ndivyo ilivyo katika hesabu. Mlinganyo nao ni jina zuri: si mlingano, hali ya vitu kuwa sawa, bali tendo la kuvilinganya, na mlinganyo wa hisabati kweli ni tendo, maana usawa wake hautimii mpaka thamani ya x ipatikane. Hata hivyo kipeo na kipeuo yana kasoro mbili. Yametengana kwa sauti moja nyembamba, na katika darasa lenye wanafunzi wengi na dirisha lililo wazi sauti hiyo haifiki nyuma. Tena kitenzi pea si cha kila siku kwa watoto walio wengi, kwa hiyo uzuri wa muundo waonwa na mtaalamu tu.

Je, tuyaache? La. Yamekwisha kuota mizizi, na kung'oa neno lililozoeleka ni ghali kuliko faida yake. Naona tu kwamba kipeo ni jina la ngazi: kipeo cha pili, cha tatu, cha nne. Latuambia namba imepanda mara ngapi. Halituonyeshi umbo. Mwalimu anayetaka kukamilisha mraba lazima awe na mraba wa kukamilisha, na neno hilo tunalo tangu zamani, ndugu wa robo na arobaini, kwa kuwa asili yao ni ile nne ya Kiarabu. Mtu atakayetohoa neno la Kilatini aseme kwadratiki atakuwa ametupa mraba huo huo uliofungwa ndani ya sanduku la kigeni. Hata watoto wa Kiingereza hudhani jina hilo linahusu kipeo cha nne, kwa sababu walioliita hivyo waliuangalia mraba na pande zake nne, na watoto hawakuonyeshwa mraba. Mimi ningesema mlinganyo wa kipeo cha pili katika kichwa cha habari, na mraba katika maelezo.

Juu ya kanuni inayokaririwa shuleni nina neno moja. Kwa mlinganyo ax² + bx + c = 0, yasemwa kwamba x = (−b ± √(b² − 4ac)) / 2a. Ukiitumia kwa swali letu, chini ya alama ya kipeuo wapata 256, na kipeuo chake ni 16. Lakini katika mraba tuliouchora hakuna 256 wala 16. Kuna 64 na 8. Zimetoka wapi? Kanuni imechora mraba ambao kila upande wake ni mara mbili ya ule wa kwanza, na kwa hiyo eneo lake ni mara nne, ili kuikimbia sehemu ya nusu. Mwishoni yagawa kwa mbili kurudisha kipimo. Ni hila nzuri ya mtu mwenye kazi nyingi. Kuikaririsha kwa mtoto kabla hajaona mraba mdogo ni kumpa ufunguo wa nyumba asiyojua iliko.

Mwaka 2019 Po-Shen Loh, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, alitangaza njia ya kutatua milinganyo hii bila kukariri kanuni, na magazeti yaliipokea kwa shangwe. Ukitafuta namba mbili ambazo jumla yake ni 10 na zikizidishwa ni 21, wastani wao ni 5. Basi moja ni 5 kasoro kiasi fulani, ya pili ni 5 na zaidi ya kiasi hicho. Zikizidishwa zatoa 25 kasoro kipeo cha pili cha kiasi hicho, nayo ni 21. Kiasi hicho basi ni 2, na namba ni 3 na 7. Loh mwenyewe alikiri kwamba vipande vya njia yake vilijulikana kale. Kwa hakika swali hili ndilo lile la mafungu mawili ya kumi, mali na ishirini na moja kulingana na mizizi kumi, na hatua zake ni zile za al-Khwarizmi: nusu ni tano, mraba wake ishirini na tano, toa ishirini na moja, kipeuo cha nne ni mbili, toa au ongeza. Aliongeza mwandishi huyo wa Baghdadi kwamba kama mraba wa nusu ni mdogo kuliko dirhamu, swali halina jibu. Na kama ni sawa nazo, mzizi ni ile nusu yenyewe. Kilicho kipya kwa Loh ni mpango wa maelezo, nao ni wa kusifiwa, maana mpango wa maelezo ndio kitu tunachokipungukiwa.

Nimejaribu kuzitafsiri kurasa chache za kitabu hiki, nami nimegundua mahali ambapo sentensi zangu zilikataa kwenda. Mlinganyo wetu wa kwanza una jibu la pili, −13: mraba wake ni 169, na ukiondoa 130 wabaki na 39. Jibu hilo haliwezi kuchorwa. Hakuna mraba ambao upande wake ni kasoro kumi na tatu. Brahmagupta, aliyeandika kwa Kisanskriti mwaka 628, aliziita namba za namna hii deni, na zilizo kinyume chake mali. Kwa hiyo mfasiri wa Kiswahili ajikuta na mali mbili mkononi, ile ya Baghdadi iliyo mraba na ile ya Bara Hindi iliyo chanya, na hawezi kuzitumia zote katika ukurasa mmoja. Nilijaribu kusema kwamba mzizi ni deni la kumi na tatu. Sentensi ilisimama, lakini mchoro ulikuwa umekwisha kufutika, na msomaji angekuwa na haki ya kuuliza deni hilo ni la nani. Mwishowe niliweka kalamu ya maneno chini, nikaandika (x + 5)² = 64, na kwamba x + 5 ni 8 au −8.